Michi miwili, kinu kimoja: njia ipi ya kuendesha roboti pamoja kutoka miji tofauti?

Ukipita kwenye nyua za Katuba jioni, kabla bukari, ugali wa kwetu, haijaanza kusongwa, utasikia sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa. Mara nyingi ni wanawake wawili kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Twa, twa, twa, twa. Hakuna anayetazama saa. Kila mmoja anashusha mchi wake akishaona wa mwenzake umepanda. Mmoja akisimama kufuta jasho, mchi wa pili unangoja hewani, na hakuna michi inayogongana.

Sasa watenganishe. Kinu kibaki hapa Lubumbashi, mmoja aende Bukavu, mwingine Kinshasa. Kila mmoja akione kinu kwenye skrini, na picha inayomfikia ni ya jambo lililokwisha kupita. Anaona mchi wa mwenzake uko juu, kumbe umeshashuka.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Kwenye karakana yetu ndogo upande wa Kasapa tuna mikono miwili ya roboti iliyofungwa kwenye meza moja. Mtu mmoja anaendesha wa kushoto, mwingine wa kulia, kila mmoja na maneti yake kama za michezo ya video, na wote wawili wanabeba kitu kimoja: ubao, bomba, sanduku. Wanafunzi wanaokuja kutazama huishia kwenye swali lilelile: "Yaya, tutumie njia gani ili watu waende pamoja?" Zipo nne kubwa, na nimezitumia zote. Naziita zamu, saa, kivuli na tukio, na kila moja nitaieleza hapo chini.

Asiye na muda achukue hili na aende. Kazi yenu ikigawanyika, kila mtu akawa na sehemu isiyogusana na ya mwenzake, igawanyeni na mtakuwa mmekwepa matatizo mengi: mmoja aendeshe magurudumu, mwingine ageuze kamera, na hakuna haja ya kulinganisha chochote. Isipogawanyika na isipokuwa ya haraka, endesheni kwa tukio. Mwendo ukiwa lazima uwe laini na mtandao wa kila upande ukiwa mtulivu, endesheni kwa saa. Zamu ni ya wanaoanza, na kivuli ni kiungo cha kuongeza kwenye chungu, hakiliwi peke yake.

Pima kwanza, tena jioni

Watu wa kwetu wakizungumzia konekisyo, yaani intaneti, huuliza mega. Mega si swali hapa. Amri moja ya maneti ni baiti chache, inapita hata kwenye mtandao uliochoka. Picha ndiyo inayokula mega. Swali ni amri inachelewa kiasi gani njiani, na zaidi ya hapo, kuchelewa kwenyewe kunayumba kiasi gani.

Mwanga ndani ya fiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Lubumbashi mpaka Bukavu kwa mstari mnyoofu ni kilomita elfu moja na kitu. Kama fiba ingenyooka hivyo, amri ingefika kwa milisekunde 5. Kinshasa ni mbali kidogo, kama milisekunde 8. Lakini pakiti, vile vipande vya data vinavyosafiri kwenye mtandao, haziruki kama ndege. Kampuni mbili za intaneti zisipobadilishana trafiki humu nchini, pakiti ya Bukavu inaweza kutoka nje ya Kongo, ikazunguka hata Ulaya, ndipo irudi Lubumbashi. Ndiyo maana vilijengwa vituo vya kubadilishana trafiki: KINIX Kinshasa, LUBIX hapa kwetu, GOMIX Goma. Fanya traceroute toka kwa kila mwendeshaji uone pakiti zake zinapita wapi. Wakati mwingine kubadili kampuni ya simu kunasaidia kuliko kuandika programu upya. Na mwendeshaji mwenye sahani inayotazama setilaiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta, huyo amri yake inatumia robo sekunde kupanda na kushuka tu. Kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde. Hiyo ni fizikia, usimgombeze fundi.

Pima jioni, watu wote wakiwa kwenye simu zao. Tuma ping, ujumbe mdogo wa kupima muda wa kwenda na kurudi, mara elfu moja, halafu usitazame wastani. Zitazame zile kumi mbaya kuliko zote. Mtandao wa milisekunde 300 usiobadilika ni rafiki kuliko ule wa 80 unaoruka ghafla hadi 900, kwa sababu mkono wa binadamu hujifunza kuchelewa kunakofanana kila mara, lakini haujifunzi mshtuko. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux akiwa New York alimpasua mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa roboti ya ZEUS, na uchelewaji ulikuwa takriban milisekunde 155. Siri haikuwa udogo wa namba hiyo. Walikuwa na njia ya fiba iliyotengwa kwa ajili yao, yenye uchelewaji uliotulia. Sisi tunashiriki barabara na kila anayetazama mpira wa Mazembe.

Zamu

Hii inaeleweka upesi. Kuna ruhusa moja. Aliye nayo anaendesha, mwingine anatazama. Akimaliza anaiachia. Telegarden, bustani ya roboti iliyofunguliwa kwenye intaneti mwaka 1995 na Ken Goldberg na wenzake huko Marekani, iliwaruhusu watu wengi kupanda na kumwagilia mimea kwa kumpa kila mtu ombi lake kwenye foleni. Ilihamia Linz, Austria, ikadumu mpaka 2004. Foleni ilitosha kwa sababu mbegu haina haraka.

Hata mtu mmoja akiachwa na roboti inayochelewa, huishia kujipa zamu mwenyewe. William Ferrell wa MIT aliliona hilo miaka ya 1960: mtu anasogeza kidogo, anasimama, anangoja kuona, anasogeza tena. Hakuna aliyemfundisha.

Faida ya zamu ni kwamba hamwezi kugombana. Hasara: hamwezi kubeba ubao kwa pamoja. Mkono wa kushoto ukipanda sentimita 5 huku wa kulia umelala, ubao unachomoka kwenye kishikio. Tulijaribu kwa hatua ndogo ndogo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kila mara tukipokezana ruhusa. Ubao ulifika. Chai nayo ilikuwa imepoa. Kitu kizuri tulichopata siku hiyo ni kugundua kwamba tulikuwa tumeanza, bila kujua, kubuni njia ya nne.

Saa

Wahandisi wengi huanzia hapa, na ninawaelewa. Wazo ni safi: kila mwendeshaji ana saa iliyolinganishwa na ya wengine. Kila amri inaandikwa muhuri wa wakati. Roboti haitekelezi amri ikifika tu. Inaitekeleza wakati wa muhuri ukijumlisha muda mliokubaliana, tuseme milisekunde 250. Amri ya Kinshasa ikifika kwa 60, inangoja 190 ndani ya roboti. Ya Bukavu ikifika kwa 220, inangoja 30. Zote mbili zinatoka kwa pamoja. Yaani mwenye mtandao mzuri anacheleweshwa makusudi ili afanane na mwenye mtandao mbaya, na kila mtu anahisi uchelewaji uleule kila siku. Mkono unajifunza. Mwendo unakuwa laini, amri 50 kwa sekunde ukitaka, na kutazama mikono miwili ikipanda pamoja hivyo ni raha kabisa.

Matatizo yako mahali pawili.

La kwanza ni saa zenyewe. Kompyuta hulinganisha saa kwa NTP, itifaki ya David Mills iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1985. Inauliza seva saa ngapi, inapima kwenda na kurudi, kisha inagawanya kwa mbili, ikidhani njia ya kwenda na ya kurudi zinachukua muda sawa. Kwenye ofisi yenye mtandao mzuri dhana hiyo inakubalika. Kwetu, kwenda kunaweza kupita huku na kurudi kule. Tuseme kwenda ni milisekunde 180 na kurudi ni 60. Jumla 240, nusu yake 120, na saa yako imekosea kwa 60 bila kutoa onyo lolote. Ukipima mara elfu utapata kosa lilelile mara elfu. Wapo watakaokuambia utumie PTP, itifaki ya IEEE 1588, inayofika chini ya mikrosekunde. Ni kweli, lakini ndani ya jengo moja lenye swichi zinazoielewa, si kati ya Bukavu na Lubumbashi. Dawa ya bei nafuu ni kipokezi cha GPS chenye pigo la kila sekunde kwa kila mwendeshaji. Kinahitaji kuona anga tu, na intaneti ikipinda inavyotaka, saa haijali.

Halafu kuna majira. Lubumbashi na Bukavu ziko saa moja mbele ya Kinshasa, ingawa nchi ni moja. Kompyuta inalijua hilo ukiiachia. Lakini mwenzetu mmoja alisafiri kwenda Kinshasa na mashine iliyowekwa majira ya Lubumbashi, akaona saa ya ukutani haifanani, akairudisha nyuma kwa mkono badala ya kubadili majira. Kwa roboti, kila amri yake ilikuwa imezeeka saa nzima. Ikazitupa zote, kwa utiifu kabisa. Tulitafuta kosa kwenye nyaya, kwenye programu, kwenye mtandao. Tulibadilisha hata maneti. Tangu siku hiyo, kabla roboti haijakubali mtu, inalinganisha saa yake na ya huyo mtu kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, na kukataa kuanza ikiona tofauti kubwa. Na katika kupanga kikao, taja kama ni saa mbili ya Kiswahili au ya Kizungu. Hilo nalo limetugharimu asubuhi moja.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Muda wa 250 uliupata wapi? Ukiuweka mdogo, pakiti zinazoruka hadi 400 zinakuja zimechelewa. Ukiuweka mkubwa, mnaendesha kama mmevaa viatu vya mtu mwingine. Na pakiti ya Bukavu ikichelewa ile ya Kinshasa ikiwahi, roboti ifanye nini? Ikitekeleza iliyowahi peke yake, mkono wa kulia unapanda, wa kushoto umesimama, ubao unapinda. Kwa hiyo lazima uweke sharti: wote au hakuna. Amri mbili za wakati mmoja zisipokuwepo zote, mikono inasimama.

Ukishaweka sharti hilo, saa inabaki na kazi ndogo sana. Nililiona hilo baada ya miezi ya kuhangaika na vipokezi vya GPS, na sikufurahi.

Kivuli

Hapa skrini haimwonyeshi mwendeshaji roboti ilivyokuwa. Inamchorea kivuli cha roboti kinachosogea papo hapo kwa kufuata maneti yake, na picha halisi inakuja nyuma kukifuata. Aprili 1993, kwenye safari ya chombo cha anga Columbia, Wajerumani walikuwa na mkono wa roboti uitwao ROTEX. Kutoka ardhini uchelewaji ulikuwa sekunde 5 hadi 7, na Gerd Hirzinger na wenzake waliweza kukamata kitu kinachoelea kwa sababu kompyuta ilitabiri mapema kingekuwa wapi. Sekunde 7! Sisi tunalalamikia nusu.

Kwa mtu mmoja napenda kivuli sana. Kwa watu wawili kuna ufa. Kivuli changu kinajua ninachotaka kufanya mimi, hakijui anachotaka kufanya mwenzangu wa Bukavu mpaka habari zake zinifikie. Kwenye skrini yangu ubao umenyooka. Kwenye yake umenyooka pia. Mezani umelala upande. Kila mmoja anarekebisha kosa analoliona kuwa la mwenzake, na marekebisho hayo yanapishana njiani, kama watu wawili wanaokutana mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake upande uleule. Vitu vinavyokwenda kwa kanuni, kama kitu kinachoelea angani, hutabirika. Mtu mwenye maneti hatabiriki kiasi hicho.

Kwa hiyo tumia kivuli kwa mkono wako tu, na mkono wa mwenzako uchorwe pale ulipoonekana mara ya mwisho, kwa rangi hafifu ili usiuamini kupita kiasi. Mazoezi ya namna hiyo huwafundisha watu subira.

Tukio

Turudi kwenye kinu. Wale wanawake hawashirikiani saa. Wanashirikiana mpangilio: baada ya wako, wangu. Miaka ya 1990, Ning Xi na Tzyh-Jong Tarn wa Washington University huko St. Louis walijenga udhibiti wa roboti kwa wazo la namna hiyo. Roboti ya kawaida hujiuliza: sasa ni saa ngapi, na kwa saa hii nilipaswa kuwa wapi? Yao hujiuliza: tumefika hatua ya ngapi? Wakati unatolewa kwenye hesabu, na mahali pake inakaa namba inayopanda pale tu jambo linapotendeka. Baadaye Xi, akiwa Michigan State, pamoja na Imad Elhajj na wengine, waliipeleka njia hiyo kwenye majaribio ya waendeshaji zaidi ya mmoja kati ya Marekani, Hong Kong na Japani.

Kwa meza yetu inakwenda hivi. Roboti iko hatua ya 40. Imewatumia wote wawili hali yake: mkono huu uko hapa, huu uko pale, picha ni hii. Maneti ya Bukavu haiwezi kutoa amri ya 41 kabla ya kupokea hali ya 40. Ya Kinshasa vilevile. Kila amri ni msogeo mdogo wenye kikomo, tuseme hauzidi milimita 5. Amri ya 41 ya Kinshasa ikitangulia, roboti inaishika na kungoja. Ya Bukavu ikiingia, mikono yote miwili inasogea, hatua inakuwa 41, hali mpya inatumwa.

Tazama kinachotokea mtandao ukikatika. Namba haipandi. Roboti inasimama mahali ambapo wote wawili walikubali iwe, si mahali ambapo saa inasema ingepaswa kuwa. Mtandao ukirudi baada ya sekunde 2 au baada ya nusu saa ya delestaji, yaani umeme kukatwa, kwa roboti ni kitu kimoja: bado ni hatua ya 40. Hakuna amri zilizorundikana zinazolipuka kwa pamoja. Hesabu ya Xi na Tarn inaonyesha kwamba roboti iliyotulia yenyewe hubaki imetulia hata uchelewaji ukiyumba, maana uchelewaji haumo tena kwenye mlinganyo wake. Kwa mtu anayeishi kwenye mji ambako umeme unaondoka bila kuaga, hiyo peke yake inatosha kunishawishi.

Gharama yake ni mwendo. Tuseme kwenda na kurudi Kinshasa ni milisekunde 90, Bukavu ni 300. Mzunguko mmoja hauwezi kuwa chini ya 300, yaani hatua tatu na kitu kwa sekunde. Kwa milimita 5 kila hatua, ni kama milimita 16 au 17 kwa sekunde. Kuvusha ubao mita moja: dakika nzima. Njia ya saa ingeuvusha kwa sekunde 20 bila kutoka jasho, siku ambayo mtandao umekubali. Na ukiongeza mwendeshaji wa tatu mwenye setilaiti ya juu, wote mtakwenda kwa mwendo wake.

Unaweza kulegeza. Ruhusu kila mtu awe mbele ya hali aliyoiona kwa hatua 2 au 3 badala ya moja. Mwendo unaongezeka mara hizohizo. Lakini hatua 3 za milimita 5 ni milimita 15 zinazotendeka kabla hujaona lolote. Sisi tunaruhusu 3 ubao ukiwa hewani na kurudi kwenye 1 ukikaribia meza. Mwendo wenyewe usitekelezwe kwa kurukaruka: roboti igawanye zile milimita 5 ziende polepole mpaka hatua inayofuata ifike. Mtazamaji hataona kwamba kuna hatua.

Kuna mtego mmoja ambao maandishi ya kitaalamu huupita haraka. Pakiti ikipotea, kila mtu anamngoja mwenzake milele: roboti inangoja amri ya 41, maneti inangoja hali ya 40 iliyopotea. Kwa hiyo roboti irudie kutuma hali ya sasa kila baada ya muda mfupi, na maneti irudie amri ileile kwa namba ileile. Namba iliyokwisha kutekelezwa ikija tena, inatupwa. Hapo kupotea hakuna madhara.

Mtego mwingine ni wa watu, si wa pakiti. Mwendeshaji wa Kinshasa, mwenye mtandao mzuri, alihisi maneti yake nzito. Anasukuma, haijibu, anasukuma zaidi. Alidhani imekufa. Kumbe alikuwa anamngoja Bukavu. Tukaweka kitaa pembeni ya skrini: "Tunamngoja Bukavu", "Tunamngoja Kinshasa". Kazi ya mchana mmoja, na ugomvi uliokuwa ukituletea simu za usiku ulikwisha. Ukichagua njia hii, jenga hicho kitaa siku ya kwanza.

Mkono ukitaka kuhisi uzito

Baadhi ya maneti hurudisha nguvu: roboti ikigusa ukuta, mkono wako unausikia. Hapo mambo yanageuka. Nguvu inayorudi ikiwa imechelewa inaweza kuanzisha mtikisiko. Unasukuma, ukuta unakujibu kwa kuchelewa, unasukuma tena dhidi ya jibu la zamani, mkono unaanza kutetemeka na mtetemo unakua. Robert Anderson na Mark Spong mwaka 1989, kisha Günter Niemeyer na Jean-Jacques Slotine wa MIT mwaka 1991, walionyesha namna ya kutuma mchanganyiko wa kasi na nguvu ili njia ya mawasiliano isiongeze nishati yake yenyewe. Inatuliza, lakini mkono unahisi kama unakoroga uji mzito, na dhamana yake inategemea uchelewaji usiobadilika. Kwenye mtandao unaoyumba lazima tena ungojeshe pakiti zote zifanane. Kundi la Xi lilitumia tukio hata kwenye nguvu. Kwa bajeti ya karakana ya mtaani, ningesema acha nguvu kabisa kwanza. Weka rangi kwenye skrini inayokolea kishikio kinapobanwa. Jicho linafanya kazi nzuri.

Mabomba ya chini

Njia yoyote uliyochagua itaharibiwa na usafirishaji mbaya. TCP, itifaki ya kawaida ya kutuma data kwenye intaneti, hairuhusu pakiti ya nyuma ipite kabla ya ile iliyopotea kurudiwa, kwa hiyo amri zinasimama kama malori kwenye barabara ya Kasumbalesa, kisha zinafika zote kwa mkupuo. Kwa njia ya saa hiyo ni sumu. Tumia UDP, itifaki isiyongoja pakiti iliyopotea, na utupe zilizozeeka. Kwa njia ya tukio TCP inavumilika, maana amri zinazosafiri ni chache, lakini UDP yenye namba ni nyepesi zaidi. Wanaotumia ROS 2, programu ya kuendeshea roboti, wajue kwamba mashine zake hutafutana kwa multikasti, ujumbe mmoja unaotumwa kwa mashine nyingi, na multikasti haivuki intaneti. Weka VPN, mtandao wa faragha juu ya intaneti, au daraja la Zenoh, programu ya kupitisha ujumbe huo. Picha nazo ziandikwe namba ya hatua kwenye kona, kwa sababu video karibu siku zote huchelewa kuliko hali ya roboti, na mtu ataamini jicho lake kabla ya namba.

Kusimamisha, na kuanza tena

Amri moja haingii kwenye utaratibu wowote wa hapo juu. "Simama" haisubiri zamu, haisubiri milisekunde 250, haisubiri hatua ya 41. Yeyote akiibonyeza, hata mtazamaji wa karakana asiye na maneti, mikono inasimama hapohapo na kushika breki. Roboti nayo ina mlinzi wake ndani: isiposikia chochote kutoka kwa mmoja wao kwa muda tuliouweka, inajisimamisha. Kishikio hakifunguki. Tulikosea hapo mwanzoni. Tuliandika "simama" ikawa na maana ya "legea", na bomba la chuma likaangukia kidole cha mguu wa mtu. Alikuwa amevaa kandambili.

Kuanza tena ndiko kunakotaka heshima zaidi. Umeme umerudi, ruta imewaka, kila mtu ana hamu. Roboti inatupa kila amri iliyobaki kwenye foleni, inapima mikono iko wapi hasa, kwa sababu huenda mtu wa karakana ameisogeza kwa mkono, kisha inawatumia wote hali ya 40 pamoja na picha mpya. Maneti zinabaki zimefungwa. Kila mwendeshaji anabonyeza kitufe kuthibitisha ameiona picha hiyo na si ya kabla ya giza, na zaidi ya kitufe, tunapigiana simu ya kawaida. Bukavu akisema "niko", Kinshasa akisema "niko", mtu wa hapa mezani anatoa mkono wake kwenye ubao na kusema "twende", ndipo hatua ya 41 inafunguliwa.